Uanagenzi: maktaba ya bahari au ya mawakili? Najibu Ijumaa

Kijana_Likoni: Salaam wakuu. Nimemaliza diploma ya ukutubi na nimepata nafasi mbili hapa Mombasa. Moja ni maktaba ya utafiti wa bahari na uvuvi upande wa Mkomani, nyingine ni ya ofisi ya mawakili mjini. Mngechagua ipi?

MamaRafu: Mwanangu, mbona umetuficha ya muhimu? Posho ipo? Miezi mingapi? Na nani atakusimamia, mkutubi aliyesomea au karani? Bila hayo twabahatisha tu.

Kasidi_Kisauni: Bahari, wala usisite. Kule utakutana na ripoti zisizouzwa dukani, takwimu za mavuno ya samaki, tasnifu, ramani za kina cha maji. Nyingine hata jina la mwandishi halimo kwenye jalada. Inabidi ukae uisome mpaka ujue ni ya nani, ya mwaka gani na inahusu ghuba ipi. Huo ndio ukutubi. Ukiongeza Koha ya katalogi na DSpace ya kuhifadhi nyaraka za kidijitali, ambazo ni programu huria, utafaa hata maktaba ya chuo.

Rafu_ya_Sheria: Sikubali. Sheria hufundisha umakini. Ikirekebishwa, unatoa kurasa za zamani kwenye jalada, unatia mpya na kuandika tarehe. Ukiruka ukurasa, wakili atasimama mbele ya hakimu na kifungu kilichofutwa. Na msiseme yote yako mtandaoni. Kweli hukumu husomwa bure kwenye tovuti ya Kenya Law, lakini wakili huja na nusu ya jina la kesi na anaitaka sasa hivi.

BintiMvita: Mimi nilianzia ofisi ya mawakili, jina nalihifadhi. Niliahidiwa maktaba, nikakuta chumba nyuma ya ngazi, mafaili yamefika dirishani. Katalogi hakuna, rejista hakuna. Kutwa natoa fotokopi, napeleka mafaili mahakamani, nawachemshia wageni chai. Kiyoyozi kilizimwa kila Ijumaa jioni, na Jumatatu ukifungua mlango wapokewa na harufu ya ukungu. Majuzuu ya kesi za zamani yalikuwa yameota unga mweupe mgongoni, kurasa zimegandana. Niliomba rafu zisogezwe mbali na ukuta wa nje, nikaambiwa hayo hayanihusu. Mwalimu wa chuo alipokuja kunikagua, kitabu changu cha kazi kilikuwa fotokopi ukurasa kwa ukurasa. Alikasirika mno, lakini muda ulishakwisha. Ndugu yangu, kabla ya kukubali omba uingie humo chumbani uione katalogi kwa macho yako.

MamaRafu: Pole sana mwanangu. Na wengine mjue: kitabu chenye ukungu kitengwe kwanza, kikauke, ndipo kisafishwe. Ukikifuta kibichi unausambaza.

Kasidi_Kisauni: Uliza pia wanapanga kwa mfumo gani. Dewey, ule mfumo wa namba, huweka bahari 551.46 na uvuvi mbali kule 639.2, mtafiti wa kamba azunguka chumba kizima.

Rafu_ya_Sheria: Kwani LC, ule mfumo wa herufi wa Maktaba ya Bunge la Marekani, si vilevile? Bahari GC, uvuvi SH. Afadhali ipi hapo?

Kasidi_Kisauni: Vyuo vikuu vingi hutumia LC, kwa hivyo ni heri aizoee mapema.

Rafu_ya_Sheria: Na maktaba za umma hutumia Dewey. Usimfungie mlango huo.

Kijana_Likoni: Ahsanteni. Mkomani ni miezi mitatu, hakuna posho, mkutubi yupo. Kwa mawakili ni miezi sita, nauli wanalipa, msimamizi ni meneja wa ofisi.

BintiMvita: Meneja wa ofisi? Ndivyo ilivyokuwa kwangu!

MamaRafu: Haya ungeyasema tangu mwanzo. Feri ya Likoni kwa miguu ni bure, lakini kutoka hapo hadi Mkomani ni matatu kila siku, kwenda na kurudi. Nyumbani watakusaidia nauli?

Rafu_ya_Sheria: Nauli si jambo dogo jamani. Waulize mawakili kama watakuachia uanzishe katalogi. Wakikubali, waandike kwenye barua.

Kijana_Likoni: Nyumbani bado sijawauliza. Kesho nakwenda kuviona vyumba vyote viwili.

Mwanachuo_Tudor: Samahani naingilia. Kuna anayejua kama makumbusho ya Fort Jesus huchukua wanagenzi? Mimi navutiwa na hati za Kiswahili za herufi za Kiarabu.

Kasidi_Kisauni: Peleka barua kwa mkono, usitegemee baruapepe. Herufi zenyewe unazisoma?

Mwanachuo_Tudor: Nimesoma madrasa, lakini mwandiko wa zamani bado hunisumbua.