Tupeane uzoefu: kirukanjia majumbani na mashambani Dodoma

Mbukwenyi wakuu. Kuna huyu tunayemwita panya tu: pua imechongoka, macho madogo mno, harufu kali. Kirukanjia si panya. Hana meno ya kugugunia. Yake ni madogo makali ya kutafunia wadudu, na ndugu zake ni akina kalunguyeye. Mwenye kisa chake akiweke hapa.

Mkulima wa Hombolo: Kwangu wako shamba la zabibu, kwenye unyevunyevu. Niliinua majani makavu akatoka mama, nyuma yake watoto kila mmoja kamng'ata mwenzake kwenye shina la mkia. Mama akikata kona, foleni nzima inakata kona! Nikaacha jembe, nikabaki kutazama mpaka wakaishia kichakani.

Mama wa Kongwa: Paka wangu anawaua, anawabwaga mlangoni, hawali. Panya hamwachi hata mkia.

Mleta mada: Ni ile harufu, mama, inatoka kwenye tezi za ubavuni. Bundi wala hajali, anameza.

Ihumwa: Natega mtego wa kunasa hai stoo ya karanga. Asubuhi namkuta kafa, hana hata jeraha.

Mleta mada: Njaa hiyo mkuu. Moyo wake unapiga mara mamia kwa dakika, chakula kinaisha mwilini upesi. Akikosa kula kwa saa kadhaa anaweza kufa. Ndiyo maana anahangaika usiku na mchana. Humo stoo anafuata mende. Gunia likitobolewa, mtafute panya.

Bahi: Bibi alituambia kirukanjia akivuka njia anakufa. Na kweli, njia ya ng'ombe nawakuta wamekauka.

Mleta mada: Anavuka vizuri tu. Umri wake ni mfupi, mwaka mmoja au miwili, na wanyama wengi wakishamuua wanamtupa. Pale njiani peupe ndipo tunapomwona. Wa kwenye nyasi nani atamhesabu?

Mchungaji wa Mpwapwa: Na yule wa porini mwenye pua ya kuchezacheza? Ana vijia vyake, anavifagia majani, akishtuka anachomoka humohumo.

Mleta mada: Huyo sange, ukoo mwingine kabisa, yuko upande wa tembo, pimbi na muhanga. Mwaka 2008 alitangazwa sange mpya wa milima ya Udzungwa, ana karibu gramu 700. Mkuu, hivyo vijia uliviona upande gani wa Mpwapwa?