Kifungo cha ethaini ni kigumu kuvunja, mbona ndicho kinachoachia protoni?

Mwanafunzi, Nairobi: Nawasalimu nyote. Nasoma kemia mwaka wa pili na naomba msaada kabla ya mtihani. Vitabu vyasema kuwa ethaini (gesi ya asetilini), ambayo pKa yake (kipimo cha uasidi: kadiri kinavyokuwa kidogo ndivyo asidi inavyokuwa kali) ni takriban 25, ina uasidi mkubwa kuliko etheni (44) na ethani (50), ilhali vyasema pia kwamba kati ya hizo tatu, kifungo chake cha kaboni na hidrojeni ndicho kifupi na kigumu zaidi kuvunja. Nishike lipi?

Mwalimu Mstaafu: Yote mawili ni kweli, mwanangu, kwa sababu mivunjiko yenyewe si ya aina moja. Ugumu unaotajwa ni wa kifungo kinachokatwa katikati, kila atomu ikabaki na elektroni moja. Katika uasidi, hidrojeni huondoka ikiwa protoni tupu na elektroni zote mbili huachiwa kaboni, kwa hiyo la kuuliza ni jozi hiyo imekaa wapi. Obitali ni eneo zinamokaa elektroni, na zile za kaboni hapa ni mchanganyiko wa obitali za s na p: ya sp (ethaini) ina nusu ya tabia ya s, ya sp² (etheni) ina theluthi, ya sp³ (ethani) robo. Na kwa kuwa elektroni za s hukaribia kiini zaidi, jozi iliyo katika sp huvutwa kwa nguvu na nishati yake hushuka. Ioni iliyotulia hivyo ndiyo inayoifanya ethaini iachie protoni.

Fundi wa Maabara: Naafiki. Amidi ya sodiamu, ambayo ni besi kali, huondoa protoni ya ethaini lakini haiwezi ya etheni, kwani ikipokea protoni huwa amonia, na pKa ya amonia, takriban 38, iko kati yao. Hata hivyo usiukuze uasidi wa ethaini kupita kiasi: kabaidi ya kalsiamu wanayoitumia mafundi wa jua kali kuchomelea ni chumvi yake, na maji, ambayo ni asidi dhaifu sana, huirudisha mara moja kuwa gesi.

Mwanafunzi, Nairobi: Asanteni sana. Je, naweza kupanga uasidi wa haidrokaboni zote (michanganyiko ya kaboni na hidrojeni tu) kwa kigezo hiki cha tabia ya s?

Mwalimu Mstaafu: La, hapo ndipo wengi hupoteza alama. Saiklopentadieni hutoa protoni yake kutoka kaboni ya sp³, na bado pKa yake ni kama 16, kwa kuwa elektroni zilizobaki husambaa katika pete nzima na kuipa uthabiti wa kiaromati, yaani utulivu wa pekee wa pete ya aina hiyo. Tazama kwanza kama jozi inaweza kusambaa. Isipoweza, ndipo uhesabu tabia ya s.