Tupeane uzoefu: yaliyowakuta na PCSO hapa Uingereza

Habari za jioni wanajamvi. Naomba visa vyenu na hawa askari wasaidizi wa jamii, wale wa kofia yenye utepe wa buluu. Naanza na changu.

Mtoto wa dada yangu, miaka 17, alikutwa bustanini na kopo la bia. PCSO akamwambia alitoe, ataje jina na anwani. Kijana akataja jina la uongo, kisha akamsukuma huyo PCSO, mama wa watu, ili apite. Nilimkuta kituoni analia: "Mjomba, yule si polisi, ni kama mgambo tu!"

Ndivyo vijana wetu wanavyodanganyana. Hawa wana sheria yao tangu 2002. Kuwatajia jina la uongo ni kosa, kuwazuia kazi ni kosa, na kuwasukuma ni shambulio. Tena wanahesabiwa kama watumishi wa dharura, na tangu 2022 kifungo cha kuwashambulia kinaweza kufika miaka 2. Huyu mtoto anataka kusomea uuguzi, na huko bila DBS safi (cheti cha ukaguzi wa rekodi za jinai) ni shida. Silali.

*Dada wa Leicester:* Pole sana kaka. Mimi nilikutana na feki. Nilikuwa jikoni kwa bibi ninayemhudumia, namkorogea uji, mlango ukagongwa. Mwanamume, jaketi la manjano, kadi shingoni, eti PCSO amekuja kukagua noti bandia. Nikaomba kuiona kadi, akaifunika na kiganja. Nikamwambia, "Subiri hapo nje, napiga 101," namba ya polisi kwa mambo yasiyo ya dharura. Kurudi mlangoni, hayupo. Polisi waliokuja walinieleza kwamba kujifanya PCSO ili kulaghai watu ni jinai, hata kama hajachukua senti. Mnaohudumia wazee, mnyororo wa mlango usitoke kabla hamjahakikisha.

*Binti Pemba, Barking:* Aliyenikosea mie alikuwa PCSO wa kweli. Niliibiwa baiskeli, akaandika namba yangu kwa ajili ya taarifa. Saa tano usiku: "Umelala?" Kesho yake tena, na tena. Niliogopa kusema kwa sababu ya viza yangu. Shoga yangu akanikataza kufuta, tukapiga picha kila ujumbe tukapeleka malalamiko kwa maandishi kwenye kikosi chake. Kumbe kutumia taarifa za kazini kwa haja zako kunaweza kuwa jinai. Hakuna aliyeniuliza habari za viza.

*Mwanzisha mada:* Ahsante dada kwa kulisema hili. Wengine mlionyamaza kwa hofu ya viza, karibuni.