Tupeane uzoefu: siku ya mavuno mliyokimbizana na mvua shambani kwenu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Naomba tupeane uzoefu wa siku ile ya mavuno ambayo familia nzima ilihitajika shambani na uani kwa wakati mmoja, na wingu nalo likatanda. Nitaanza na yetu ya karafuu, upande wa Wete, Pemba.

Mwaka huo mikarafuu ilizaa sana, na kwa kuwa haizai sawasawa kila mwaka, mwaka wa neema hauchezewi. Karafuu huchumwa pale kichwa chake kinapotoka kwenye ukijani na kuanza kuwa chekundu. Ukichelewa siku chache ua likachanua, thamani imekwisha. Ndiyo maana baada ya Sala ya Alfajiri tulikuwa tayari njiani, na jua lilipochomoza ami zangu wawili na vijana watatu wa jirani walikwisha kupanda, kila mmoja na pakacha lake na kamba, kwa sababu tawi la mkarafuu ni jepesi kukatika na anayelikanyaga lazima alijue. Wachumaji tuliwalipa kwa pishi, na mpimaji alikuwa bibi, ambaye kipimo chake hakuna aliyewahi kukibishia.

Sisi watoto na kina mama kazi yetu ilikuwa kuchambua. Unashika kichala kwa mkono mmoja, unakisugua kwenye kiganja cha mkono wa pili, karafuu zinadondoka huku na makonyo, yaani vijiti vya kichala, yanawekwa kule, kwa kuwa nayo huuzwa yakakamuliwa mafuta. Hadi adhuhuri vidole huwa vimekuwa vyeusi, na ukijifuta jasho machoni utalia.

Uani tulikuwa na majamvi manne ya karafuu zilizoanikwa kwa siku ya tatu, zikiwa zimebakisha jua la siku moja tu, na za siku hiyo zilikuwa bado mbichi kwenye mapakacha. Saa nane mchana upepo ulibadilika. Bibi alisema neno moja tu, “Anueni!”, na tukakimbilia majamvi, watu wanne kwa kila jamvi, mmoja kila pembe. Matatu tuliyawahi. La nne lililowa.

Kosa kubwa, hata hivyo, lilifuata usiku, nalo lilikuwa letu wenyewe. Kwa kukosa nafasi tulizirundika zile mbichi chumbani, na asubuhi nilipotia mkono katikati ya lundo nilikuta joto kama la uji uliotoka jikoni. Zilipokauka zilikuwa nyepesi na zimepauka, na kwenye kituo cha kununulia karafuu ziliwekwa daraja la chini. Ikumbukwe kwamba kilo tatu mbichi hutoa takriban kilo moja kavu, kwa hiyo kila pishi lililoharibika ni jasho la mtu aliyekuwa juu ya mti. Tangu siku hiyo hatuchumi zaidi ya tunachoweza kukianika. Je, kwenu ilikuwaje?

*Mchangiaji kutoka Mbozi, Songwe:*

Wa alaykum salaam, na shikamooni wakubwa. Kwetu mahindi huvunwa kiangazi na mvua si tatizo. Kilichotuponza ni haraka. Mashine ya kupukuchua ilikuwa ikizunguka kijiji kizima, na zamu yetu ilipofika mapema kuliko tulivyotarajia baba aliogopa kuikosa, hivyo siku nzima tulipukuchua, tulipepeta na kushona magunia, watu kumi na wawili tukiwa weupe kwa vumbi kuanzia kichwani hadi miguuni. Jioni mama mkubwa alichukua chupa kavu ya kioo, akatia punje kidogo pamoja na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikaganda kwenye chupa, dalili kwamba mahindi bado yana unyevu. Tuliyafungua magunia yote, tukayaanika juu ya maturubai siku nne zaidi, na kila jioni tuliyafunika kwa sababu ya umande. Wakati ule niliona ni adhabu. Mwaka 2016, watu walipofariki Dodoma na Manyara kwa kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu, nilimshukuru sana mama yule.

*Mchangiaji kutoka Kilombero:*

Nawapa pole wote. Mpunga wetu hukomaa masika yakiwa hayajaisha vizuri, na ukiuacha shambani ukinyeshewa na kukauka tena na tena, punje hupasuka ndani ya ganda, kisha mashineni unapata chenga tupu. Mwaka mmoja tulikata kwa mundu hadi giza likaingia, na tukaupiga mpunga juu ya turubai kwa mwanga wa taa ya pikipiki. Mama alipika mara tatu siku hiyo na katikati bado alishika mundu. Naomba kumuuliza ndugu wa Wete: mnatambuaje kwamba karafuu imekauka sawasawa?

*Mwanzilishi wa mada:*

Ahsante sana, ndugu yangu. Bibi alikuwa akichukua karafuu moja kutoka katikati ya jamvi, si pembeni, na kuikunja kati ya dole gumba na cha shahada. Ikipinda, aliirudisha juani. Ikikatika kwa mlio, aliitisha magunia.