Mjadala: Melanie alikosea kumpiga chini Andrew siku ya harusi? Wana Kigoma tuongee

Mleta mada, Kigoma mjini:

Wadau mwakeye. Naleta hii mada kwasababu pale Mwanga iliwekwa ile muvi ya Marekani ya mwaka 2002, Sweet Home Alabama, tukaiangalia wengi wanaume kwa wanawake, na tangu hapo watu wamegawanyika kambi mbili na hawaelewani kabisa.

Kwa ambae hajaiona. Melanie (kacheza Reese Witherspoon) ni mbunifu wa mavazi, katoboa New York, anachumbiwa na Andrew mtoto wa meya wa jiji, kijana mstaarabu, hela ipo na anampenda kweli. Kumbe Melanie ni mke wa mtu. Kwao ni Pigeon Creek, kamji kadogo huko Alabama, aliolewa na Jake bado binti mdogo, akatoroka zake mjini, na miaka 7 Jake anagoma kusaini talaka. Basi anarudi kwao kimya kimya akamalizane nae na vituko vyote vinaanzia huko, mpaka siku ya harusi yake na Andrew wageni wameshakaa, wakili anatokea anasema wewe bibi harusi ndo hujasaini, Melanie akaangalia ile karatasi akaacha harusi akamfuata Jake kwenye mvua.

Kambi moja inasema Andrew kaonewa. Nyingine inasema moyo haulazimishwi, Jake ndo mume. Mi naona wote tunagombania wanaume wakati kosa la yule dada liko kwenye jina. Jina la kwao ni Smooter. New York kajiita Carmichael, jina la watu matajiri wa kule kwao wenye jumba kubwa la shamba, na watu wanaamini lile jumba ndo kwao. Wazazi wake wazima wa afya, wanaishi nyumba ya kawaida tu, yeye kawafuta!! Hii mbona watu mnaipita haraka haraka mnakimbilia nani mzuri kati ya Jake na Andrew?

Na sisi wa mwisho wa reli hili tunalijua vizuri. Kijana anapanda treni, zaidi ya kilomita 1,200 mpaka Dar, akikaa kidogo ukimuuliza kwenu wapi anakwambia "natokea Tabora", mama yake akimpigia simu akiwa kwenye daladala anamjibu Kiswahili tupu ili abiria wasisikie Kiha, lugha ya kwetu. Sababu zipo na nazijua. Wakati wa mkoloni mkoa huu ulikuwa wa kuchukuliwa manamba wa mashamba ya mkonge, Mha akawa mtu wa kuchekwa, na mpaka leo kwasababu tumepakana na Burundi na Kongo ukitaja Kigoma unaulizwa uraia kwanza. Kwahiyo mtoto anaficha. Lakini anaeumia ni mama aliebaki Gungu anasubiri simu, huyo hajamkosea mtu yeyote. Ndo maana mi naona Melanie kosa lake la kwanza ni kwa wazazi, Andrew anafuata na Jake ni wa mwisho kabisa.

Mchangiaji, Kasulu:

Dada mleta mada umeongea ila lawama umezipeleka upande mmoja. Aliyemfanya afiche ni nani? Muangalie yule meya mama yake Andrew, alivyofika tu Alabama akaanza dharau mpaka akamtukana mama wa watu mbele ya wageni. Sasa Melanie angeingia New York na jina la Smooter angepokelewa na mtu kama yule? Asingevuka hata getini. Mi niliposimama kushangilia ni ile ngumi Melanie aliyomtia meya, hapo ndo alirudi kuwa mtoto wa mama yake. Na Andrew msimfanye malaika, alipojua ukweli kwanza aliondoka kwa hasira, sawa alirudi akasamehe, namsifu kwa hilo. Halafu hii ya radi kuwa alama ya mapenzi, Jake anachomeka vyuma kwenye mchanga radi ipige mchanga ugeuke kioo, sisi huku radi inaua watu, nilikuwa naangalia roho juu.

Mchangiaji, Ujiji:

Mi nimeshangaa watu wanavyomwita Jake king'ang'anizi. Aliyeondoka ni nani? Mke. Kwa Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 hamna habari ya mume kukalia karatasi miaka 7, mnaanza baraza la usuluhishi wa ndoa, likishindwa mnaenda mahakamani, na hakimu anaangalia kama ndoa imevunjika kiasi kwamba haitengenezeki tena. Kumtelekeza mwenzako miaka mitatu au zaidi ni moja ya vitu vinavyoangaliwa. Sasa hapo alietelekezwa ni Jake, ingekuwa huku yeye ndo angekuwa na kesi nzuri. Ila na yeye nampa kosa, alimfuata mkewe New York akaona alivyopanda akarudi bila hata kumsemesha, akajenga biashara ya vioo akaificha. Wote wawili wamefichana, mkashangaa ndoa ikafa?

Mchangiaji, Tabora:

Ndugu zangu mnajadili ndoa, mi kinachoniuma ni ule mji wenyewe. Baba yake Melanie anacheza vita za zamani na magwanda, mbwa wana makaburi yao, kila mtu baa. Watu wa mji mdogo lazima wawe vichekesho? Na huo mji wala sio Alabama, sehemu kubwa walishutia Crawfordville, jimbo la Georgia. Yaani hata wenyewe hawakuhojiwa. Na za kwetu hivyo hivyo, ikitakiwa "kijijini" mtu anafungwa kanga kombokombo, anaharibu Kiswahili makusudi, watu wanacheka basi. Hapa Tabora chini ya miembe kuna mahaba na umbea wa kutosha muvi kumi, watu wanasubiri treni iliyochelewa stesheni usiku kucha, wengine wamechumbiana hapo hapo, nani kawahi kuja kuushuti?

Mleta mada:

Kaka wa Tabora hapo nakuunga mkono asilimia zote. Wa Kasulu, kweli meya ana makosa, lakini dharau ya mtu wa mjini haikupi ruhusa ya kumkana mzazi, unaweza ukatafuta maisha na jina la baba yako ukapigana nalo hivyo hivyo, wapo waliofanya na tunawajua.

Ila kuna kundi linasema muvi inafundisha wanawake waache kazi wakaolewe kijijini. Nyie mliondoka mapema! Majina yalipoanza kupanda wengi mkatoka. Pale kwenye majina zinapita picha, wamepata mtoto, Melanie anaendelea na mavazi yake, na Jake kafungua duka la vioo New York. Yani mwanaume ndo kamfuata mke kwenye kazi yake, hilo ni la kusifia na hakuna aliyelitaja.

Swali langu bado hamjalijibu. Ile harusi na Andrew ilipangwa kufanyika kwenye lile jumba la kina Carmichael, jumba la lile jina la kuazima, na mama yake mzazi akavaa akaenda akakaa. Mwanao akikualika harusi kwenye kwao pa uongo ungeenda? Mi nisingeenda. Akina mama wa Kibirizi na Ujiji naomba majibu yenu kwanza.