Mrejesho: tai chi kwa mstaafu mwenye kisirani

Wakuu, mimi ndiye niliyelalamika kwamba tangu nistaafu silali na nanuna bila sababu. Mlinishauri kutembea na tai chi, yale mazoezi ya Kichina ya mwendo wa polepole. Nikacheka, karate ya wazee!

Sasa ni wiki ya 9. Natembea nusu saa, siku 5 kwa wiki: zile dakika 150 kwa wiki zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Jumamosi alfajiri, Coco Beach, najifunza seti fupi ya tai chi yenye mikao 24, iliyotungwa China mwaka 1956. Nimekwama kwenye mkao wa 3, uitwao korongo mweupe: uzito wote mguu wa kulia, wa kushoto unagusa mchanga kwa ncha tu, nami nayumba kama mlevi.

Wiki tatu za mwanzo sikuona kitu, nusura niache. Siku hizi napata usingizi, na mama watoto anasema nimeacha kugombana na redio. Vidonge vya presha naendelea navyo.