Naomba ushauri: nianzie wapi kujifunza R, lugha ya kompyuta ya kuchambua takwimu, ili takwimu za malaria zisaidie kupanga mgao wa dawa?

Mratibu_MTUHA

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mimi ni mratibu wa MTUHA (mfumo wa taarifa za uendeshaji wa huduma za afya) katika halmashauri moja ya Kanda ya Ziwa yenye vituo 41 vya kutolea huduma za afya. Kila mwezi napakua kutoka DHIS2, mfumo wa kompyuta wa kukusanya taarifa za afya, taarifa za wagonjwa wa nje zinazoanzia kwenye Kitabu namba 5, nazipanga katika Excel, kisha nawasilisha jedwali ambalo timu yetu hulitumia kuomba dawa na kuandaa Mpango Kabambe wa Afya.

Mwaka jana jedwali langu lilionyesha kwamba zahanati mbili zilikuwa na wagonjwa wachache mno wa malaria, kwa hiyo zikapangiwa dawa mseto kidogo kuliko jirani zake. Baada ya masika dawa ziliisha. Nilipofuatilia nikagundua kwamba taarifa za miezi kadhaa za zahanati hizo hazikuwa zimefika, na jumla yangu ya mwaka ilikuwa imeihesabu miezi hiyo kana kwamba hakuna aliyeugua. Kosa lilikuwa langu, na akina mama waliorudi nyumbani na watoto wenye homa bila dawa ndio waliolibeba. Sitaki lirudie.

Nimesikia habari za R na lugha nyingine ya kompyuta iitwayo Python, na pia nimeshauriwa nilipie mafunzo ya SPSS, programu nyingine ya takwimu. Kompyuta yangu mpakato ina kumbukumbu ya GB 4, intaneti natumia ya simu, na sijawahi kuandika programu hata siku moja. Nianzie wapi?

Mtakwimu_Moro

Pole kwa yaliyotokea, dada. Kwa kazi uliyoieleza ningekushauri uchukue R. Iliandikwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman, walimu wa takwimu wa Chuo Kikuu cha Auckland, New Zealand, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwaka 2000. Imetengenezwa na watu wa takwimu kwa ajili ya takwimu, nayo ni bure. Python pia ni lugha nzuri, ila usijifunze zote mbili kwa wakati mmoja.

GB 4 zinakutosha kabisa. Vituo 41 kwa miezi 12 ni mistari 492 tu. Pakua R kwanza, kisha RStudio (dirisha la kuandikia R kwa urahisi), kisha pakeji, yaani vifurushi vya amri za ziada, za readr (kusoma faili), dplyr (kupanga na kujumlisha) na ggplot2 (kuchora grafu) siku utakayokuwa na intaneti nzuri, maana zikishaingia utafanya kazi hata pasipo mtandao. Fedha za mafunzo ya SPSS zitunze kwanza, usizitumie.

Jambo ninalokusisitizia ni kwamba usianze na masomo ya jumla yanayotumia data za maua au magari ya Marekani. Anza na faili lako mwenyewe la mwezi mmoja, ulisome ndani ya R, uhesabu wagonjwa kwa kila kituo, ulinganishe na jibu ulilopata katika Excel. Faili la asili usiliguse kamwe. Kila badiliko liandikwe kwenye skripti, yaani faili la amri zako, ili mwezi ujao ubadilishe jina la faili tu na kazi ya siku mbili iishe kwa dakika chache, na ili mwenzako aweze kuona ulichofanya hatua kwa hatua.

Mwalimu_Epi

Naungana na aliyetangulia, na ningependa kukaa zaidi kwenye kosa lenyewe, kwa sababu ndilo somo lako la kwanza la R.

Kisanduku kitupu kikisomwa na R kwenye safu ya namba huwa NA, yaani thamani haijulikani. Ukiomba jumla au wastani wa safu yenye NA hata moja, jibu nalo litakuwa NA. Wanafunzi wengi hukasirika hapo na kukimbilia kuongeza na.rm = TRUE, inayoiambia R iziruke NA, ili namba itoke. Usikimbilie. Hapo R inakuuliza kama unajua ni nani hakuleta taarifa. Hesabu NA za kila kituo kwa amri ya is.na kabla ya hesabu nyingine yoyote, na safu hiyo ya miezi iliyokosekana iwekwe kwenye jedwali unalowasilisha, kando ya idadi ya wagonjwa.

Lipo jingine ambalo R haitakuonyesha. Kituo kinaweza kuleta taarifa zote na bado namba ikadanganya, kwa mfano mwezi ambao vipimo vya haraka vya malaria viliisha: waliothibitishwa watapungua, lakini homa haikupungua. Kwa hiyo weka pamoja waliopimwa na waliokutwa na vimelea, kisha tazama uwiano wao.

Afisa_Kaunti

Hamjambo. Nafanya kazi kama hiyo katika kaunti moja huku Kenya, ambako pia tunatumia DHIS2. Sikubaliani na wanaodhani Excel itupwe. Wakubwa wetu wanaisoma Excel, na dada huyu anaifahamu. Aiache ibaki chombo cha kuwasilishia. Hatari yake ni kwamba inakosea kimyakimya. Mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuripoti takribani wagonjwa 16,000 wa Korona kwa sababu matokeo yalipitishwa kwenye faili la muundo wa zamani wa Excel, usiobeba zaidi ya mistari 65,536, na waliozidi wakaachwa nje.

Kuhusu muda, mimi nilitenga saa moja kila asubuhi kabla ya wagonjwa kuanza kufika, na kufikia mwezi wa tatu nilikuwa naandaa ripoti yote kwa R.

Mratibu_MTUHA

Nawashukuru sana. Ni wiki ya sita sasa. Nimesoma faili la mwaka jana lote, na kati ya taarifa 492 zilizotarajiwa, 37 hazimo. Nyingi ni za Machi hadi Mei, kutoka vituo ambavyo barabara zake hukatika kwa mvua. Nimeliona hilo kwa mara ya kwanza, ingawa faili nilikuwa nalo siku zote. Swali langu sasa ni hili: je, nijaze miezi hiyo kwa wastani wa mwaka wa kituo husika?

Mwalimu_Epi

Hapana, kwa sababu miezi iliyokosekana ndiyo miezi ya malaria nyingi, na wastani wa miezi ya kiangazi utaishusha tena idadi ya wagonjwa. Tazama mwezi huohuo katika miaka iliyopita kwa kituo hicho, na vituo jirani vilivyoleta taarifa msimu huu, kisha andika kadirio la chini na la juu badala ya namba moja, ukieleza wazi kwamba ni kadirio. Timu ikipanga dawa ifuate lile la juu kwa vituo visivyofikika wakati wa mvua. Na kabla ya yote, piga simu kwenye vituo hivyo: Kitabu namba 5 bado kipo mezani, na huenda wagonjwa hao wameandikwa humo mmoja mmoja.